"Tell me" inapita, "explain me" inakatwa: yambwa ya Kiingereza inakaa wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandika Kiingereza kila siku kazini, na bado maandishi yangu yanarudi na wino mwekundu mahali nisipotarajia. Nikiandika "He told me the reason" inapita, nikiandika "He explained me the reason" inakatwa. "I slept very well" ni sawa, lakini "I enjoyed very much" imekatwa. Juzi nimeandika "This is the report which I wrote it", likakatwa neno moja tu, "it". Nimesoma kwamba kitenzi elekezi kina yambwa, yaani mtu au kitu kinachotendwa, na kitenzi sielekezi hakina, ila sijui nitambueje kitenzi ni cha upande upi. Na je, kila kinachofuata kitenzi ni yambwa?

Jibu: Marahaba. Ahsante kwa kuleta sentensi zenyewe badala ya kuuliza juu juu. Nimefundisha Kiingereza kwa miaka mingi, wanafunzi wangu karibu wote wakiwa ni watu waliokulia katika Kiswahili, na makosa yako matatu nimeyaona katika daftari nyingi kupita kiasi. Hayatokani na uzembe. Yanatokana na kukijua Kiswahili vizuri: kila moja ni sentensi safi ya Kiswahili iliyovishwa maneno ya Kiingereza. Kwa hiyo tuanzie nyumbani, kwenye Kiswahili chenyewe.

Chukua neno moja: nimekisoma. Ni- ndiye mtendaji, -me- ni wakati, -ki- ni kitabu au kitu kingine cha ngeli hiyo, -soma ni tendo. Sentensi nzima imo ndani ya kitenzi, pamoja na yambwa (wengine tulifundishwa kuiita shamirisho, ni kitu kilekile). Tena angalia mkia wa kitenzi unavyosema. Ukisikia vunja, unajua yupo anayevunja na kipo kinachovunjwa. Ukisikia vunjika, kitu kimevunjika na hatuulizi nani. Ukisikia vunjia, ameingia mtu wa tatu, aliyevunjiwa. Hakuna aliyekukalisha chini akakupa orodha ya vitenzi elekezi vya Kiswahili, kwa sababu huhitaji orodha. Kitenzi chenyewe kinakuambia kina nani pembeni yake.

Sasa tazama "break". "She broke the cup." "The cup broke." Ya kwanza ni alivunja, ya pili ni kilivunjika, lakini kitenzi cha Kiingereza ni kilekile, hakikuongezwa wala kupunguzwa herufi. Kilichohama ni "the cup": mara iko nyuma ya kitenzi, mara iko mbele yake. Ni hivyo hivyo kwa "open", ambayo ni fungua na funguka kwa pamoja. Kwa "boil", chemsha na chemka. Kwa "spill", mwaga na mwagika. Kwa "stop", simamisha na simama. Kitenzi cha Kiingereza ni bubu kuhusu yambwa. Kinachosema ni nafasi. Ndiyo maana swali lako la "kitenzi hiki ni cha upande upi?" lina kasoro ndogo ndani yake: vitenzi vingi sana vya Kiingereza viko pande zote mbili. Swali linalojibika ni hili: katika sentensi hii, nafasi iliyo nyuma ya kitenzi imejazwa na nini, na kitenzi hiki kinaruhusu ijazwe na nini?

Kiingereza hakikuwa hivi tangu mwanzo. Kile kilichozungumzwa miaka elfu moja hivi iliyopita kilikuwa na alama za kutofautisha mtendaji na mtendwa: mfalme anayetenda aliitwa "se cyning", mfalme anayetendwa "þone cyning", kwa hiyo maneno yaliweza kuhamahama na maana isipotee. Alama hizo zilipokufa, mpangilio wa maneno ulibeba mzigo wote. Zilizobaki leo ni chache, na unazijua: "I" na "me", "he" na "him", "she" na "her", "we" na "us", "they" na "them". Ukiona "him" au "them", basi hayo hayako mahali pa kiima, yaani nafasi iliyo kabla ya kitenzi.

Nije kwenye swali lako la mwisho, kwa sababu mengine yanategemea hilo. Hapana, si kila kinachofuata kitenzi ni yambwa. Linganisha sentensi hizi mbili:

"She saw a doctor."
"She became a doctor."

Kwa sura ni pacha. Lakini katika ya kwanza kuna watu wawili, yeye na daktari aliyemwona. Katika ya pili kuna mtu mmoja tu: huyo daktari ni yeye mwenyewe. "A doctor" ya kwanza ni yambwa, ya pili ni kijalizo, yaani neno linalomalizia habari za kiima. Vitenzi vinavyofuatwa na kijalizo ni "be", "become", "seem", "remain" na ndugu zao wachache.

Au chukua "He read the letter" na "He read all night". Barua ilisomwa. Usiku haukusomwa, umetajwa tu kueleza alisoma kwa muda gani, nao ni chagizo. Umeona nilivyopima? Nimegeuza sentensi iwe katika kauli ya kutendwa. "The letter was read" inakubalika, "All night was read" haikubaliki, na "A doctor was become" haikubaliki kabisa. Kipimo hiki cha kutendwa ndicho ninachokitegemea kuliko vyote, na unakiweza tayari kwa sababu Kiswahili kina -wa yake.

Kina mianya, lakini si mingi. "Have" ina yambwa, ila husemi "A car is had by him". "Lack" na "resemble" zina tabia hiyo hiyo. Na ukikuta kipimo cha uzito, bei au urefu, kama katika "The box weighs ten kilos", usidanganyike na nafasi: kilo kumi hazikutendwa chochote. Lakini "She weighed the box" ni habari nyingine, hapo sanduku limepimwa kwelikweli, na "The box was weighed" ni sahihi.

Sasa "I enjoyed very much". Kwa nini "sleep" ikapita na "enjoy" ikakwama? Nadhani kichwani mwako ulikuwa na sentensi "Nilifurahi sana". Lakini "enjoy" si furahi. Ni furahia. Furahi inaweza kusimama peke yake, furahia inadai kitu: ulifurahia nini? "Enjoy" nayo inadai hivyo hivyo, kwa hiyo "I enjoyed the trip very much", au "I enjoyed it very much", na kama huna kitu cha kutaja bali unataka kusema ulijisikia raha, "I enjoyed myself". Ndiyo, utawasikia wazungumzaji wa siku hizi wakimtakia mtu raha kwa neno moja tu, "Enjoy!". Hiyo ni kauli ya kukaririwa kama ilivyo, usiitumie kama kiolezo cha sentensi nyingine.

Ila kuna chanzo cha pili cha kosa hili, nacho kinakamata watu wengi zaidi. Mtu anakuonyesha picha anakuuliza, "Umeipenda?" Unajibu, "Nimeipenda." Geuza neno kwa neno na utapata "Do you like?" na "Yes, I like." Zote mbili zina pengo. Ile -i- iliyokuwa ndani ya kitenzi imeanguka njiani, kwa sababu Kiingereza hakina pa kuiweka ndani ya kitenzi. Lazima itoke nje isimame kama neno kamili: "Do you like it?" "Yes, I like it." Ninawaambia wanafunzi wangu wafanye hivi: kila unapotafsiri kitenzi cha Kiswahili, kihesabu viambishi. Ukikuta -ki-, -i-, -m-, -wa-, -ya- katikati, kiambishi hicho kinadai neno lake katika Kiingereza. "Nimewaona" ni viambishi viwili vya watu, mimi na wao, kwa hiyo "I saw" haitoshi, ni "I have seen them".

Utaniuliza: mbona watu husema "I have eaten" bila kutaja walichokula? Swali zuri. Vipo vitenzi kama "eat", "read", "write", "drink" na "drive" vinavyoruhusu yambwa idondoke, lakini ikidondoka hubaki maana ya jumla. "I have eaten" maana yake nimepata mlo. "She writes" hueleweka kama kazi au mazoea yake. "He drinks" ni pombe, na kila msikilizaji atajua hivyo. Yambwa ikiwa ni kitu mahususi ambacho tayari tunakizungumzia, haidondoki. Mtu akikuuliza iko wapi barua, huwezi kumjibu "I read" kwa maana ya nimeisoma, sema "I have read it". Vichache tu, kama "know", "forget" na "understand", huweza kuacha hata kile mahususi: "I know", "I forgot". Hivyo vizoee kimoja kimoja.

"Explain" ndiyo sehemu niipendayo katika barua yako. Kiswahili husema alinieleza sababu, kama kinavyosema aliniambia sababu. Mtu amekaa ndani ya kitenzi, -ni-, sababu imefuata nyuma, na zote mbili ziko sawa. Tunaweza hata kugeuza: niliambiwa sababu, nilielezwa sababu. Basi unaingia Kiingereza na uzoefu huo, unajaribu "told me", inapita, unajaribu "explained me", inakataliwa, na hakuna aliyekueleza tofauti yake.

Vitenzi vya Kiingereza vyenye mtu na kitu kwa pamoja viko katika makundi mawili. Kundi la kwanza huruhusu mtu akae mara tu baada ya kitenzi, bila kihusishi (neno dogo kama "to", "for" au "at"): "give me the key", "send her the file", "show us the map", "tell them the truth", "lend him some money". Kundi la pili humtaka mtu apitie mlango wa "to", na kitu ndicho kikae karibu na kitenzi: "explain the reason to me", "describe the place to us", "suggest a plan to them", "announce the results to the staff", "introduce your friend to me". Katika kundi hili la pili mtu si yambwa kamili ya kitenzi, ni yambwa ya kihusishi "to". Kipimo chetu kinathibitisha: "I was told the reason" ni sahihi, "I was explained the reason" si sahihi, bali "The reason was explained to me".

Je, kuna dalili ya kutambua kundi? Ipo, ingawa si sheria. Kundi la kwanza lina vitenzi vifupi vingi vya asili ya Kiingereza chenyewe, vya silabi moja, kama "give", "tell" na "send". Kundi la pili limejaa vitenzi virefu zaidi vilivyotoka Kilatini, mara nyingi kwa kupitia Kifaransa, ambavyo mkazo wake hauko kwenye silabi ya kwanza: "ex-PLAIN", "de-SCRIBE", "an-NOUNCE". Hata "offer" na "promise", ambazo zina silabi mbili lakini mkazo uko mwanzoni, huenda na kundi la kwanza: "offer him a job", "promise me one thing". Halafu anakuja "say" kuharibu mambo: mfupi, wa asili, na bado husemi "say me", ni "say it to me". Basi dalili hii ikusaidie kukisia, na kamusi ikuthibitishie.

Kuna jambo jingine dogo hapo hapo. Kundi la kwanza linapobadilishwa mpangilio, baadhi huchukua "to" na baadhi "for": "send it to her", lakini "buy it for her". Sisi tuna -ia moja inayofanya zote, mpelekee, mnunulie, ndiyo maana tunachanganya. Kitu kikisafiri kumfikia mtu, tumia "to". Kikitafutwa au kikitengenezwa kwa ajili yake, tumia "for".

Vihusishi ndipo kwenye msitu mzito. Kiswahili husema nisubiri, nisikilize, nitazame, wamenicheka, kila mara mtu ndani ya kitenzi. Kiingereza husema "wait for me", "listen to me", "look at me", "they laughed at me". Ukisema "wait me" umemfanya "me" awe yambwa ya moja kwa moja ya kitenzi kisichoichukua. Cha kuvutia ni kwamba hata katika kutendwa kihusishi hakibanduki: "I was laughed at", nilichekwa. Hiyo "at" ya mwishoni inaonekana kama imesahauliwa mezani, lakini ukiiondoa sentensi inakufa.

Kosa la kinyume ni kubandika kihusishi kisichotakiwa: "We discussed about the budget", "I contacted with the office", "She emphasized on quality", "They requested for more time". Vitenzi hivi vyote vinne ni elekezi, vinataka yambwa uso kwa uso: "discuss the budget", "contact the office", "emphasize quality", "request more time". Nilishangaa kwa muda mrefu kwa nini ni hivi hivi vinavyokosewa, mpaka nilipotazama nomino zake. "A discussion about", "contact with", "an emphasis on", "a request for". Nomino ndizo zenye vihusishi, na sisi tunaviazima na kuvipeleka kwenye kitenzi. Tangu nimeanza kuwaonyesha wanafunzi kitenzi na nomino yake katika mstari mmoja, kosa hili limepungua sana darasani kwangu.

Ziko jozi chache ambamo Kiingereza nacho kinabadilisha sura ya kitenzi, kama sisi. "Rise" ni inuka, "raise" ni inua. "Lie" ni lala au kuwa mahali, "lay" ni laza. "Fall" ni anguka, na "fell" yenye maana ya kuangusha mti ni mtoto wake: zamani sana kulikuwa na kiambishi cha kusababisha nyuma ya kitenzi, mfano wa -sha yetu, kikavuta irabu ya mbele ikabadilika, kisha chenyewe kikapotea. Imebaki irabu tu kama ushahidi. Mtego mkubwa uko kwenye "lie", kwa sababu wakati wake uliopita ni "lay", sawasawa na kitenzi kingine kabisa. "Yesterday he lay on the floor" ni alilala, na "Lay the mat on the floor" ni tandaza. Wazawa wa Kiingereza wenyewe huzikosea hizi, usijilaumu.

Kwa vitenzi ambavyo havichukui yambwa kamwe, kosa letu ni kuviweka katika kutendwa: "The accident was happened", "The file was disappeared". Kisichokuwa na yambwa hakina cha kupandisha kiwe kiima, basi ni "The accident happened", "The file disappeared". Hapa Kiswahili kina uwezo ambao Kiingereza hakina, na ni vyema uujue ili usiutafute usipokuwepo. Kufa hakuna yambwa. Lakini sisi tunaongeza -i- tukapata fia, kisha -wa tukapata fiwa, na tunasema amefiwa na baba yake. Kitenzi kisichokuwa na yambwa kimezalishiwa yambwa, kisha yambwa hiyo ikageuzwa kiima, yote ndani ya neno moja fupi. "Die" haiwezi kufanyiwa hivyo. Unalazimika kubadili kitenzi chenyewe: "He lost his father."

Kwa kazi yako ya kila siku, nakushauri uache kuandika kitenzi peke yake kwenye daftari lako la msamiati. "Explain = eleza" ni nusu ya habari, na ni nusu inayopotosha. Andika kitenzi pamoja na viti vyake: "explain something to somebody", "tell somebody something", "enjoy something", "discuss something", "wait for somebody". Kamusi za wanaojifunza lugha huonyesha hivyo, na huweka T kwa kitenzi elekezi na I kwa sielekezi. Desturi hii ina deni kubwa kwa mwalimu Mwingereza, A. S. Hornby, aliyefundisha Japani na ambaye kamusi yake ilitoka Tokyo mwaka 1942, ikachapwa upya na Oxford mwaka 1948. Aliona kwamba mwanafunzi hashindwi kujua maana ya kitenzi, hushindwa kujua kinachoruhusiwa kukifuata, ndipo akavipanga vitenzi kwa violezo vya sentensi. Ukifungua kamusi, usiishie kwenye maana. Soma mfano wa sentensi, utazame kilichokaa nyuma ya kitenzi.

Imebaki ripoti yako. "This is the report which I wrote it." Kiswahili chake ni hii ndiyo ripoti niliyoiandika, na ndani yake ripoti imetajwa mara mbili zaidi: -yo- ya kirejeshi na -i- ya yambwa. Zote halali, zote nzuri. Katika Kiingereza "which" ndiyo yambwa yenyewe ya "wrote", imevutwa mbele tu ili iungane na "the report". Kiti chake cha zamani, nyuma ya "wrote", lazima kibaki kitupu. Ulipoandika "it" ulimkalisha mtu wa pili kwenye kiti ambacho mwenyewe bado yupo chumbani. Lililokatwa lilistahili kukatwa: "This is the report which I wrote." Unaweza hata kuondoa "which", "This is the report I wrote", na kiti kile bado kitabaki wazi.